Muhula wa Kwanza wa Darasa la Kwanza: Mtoto Anajifunza Nini?

Na Mwandishi Wetu

Shule za msingi zinapofungwa mwezi Juni, mwanafunzi wa Darasa la Kwanza hurejea nyumbani akiwa na madaftari yaliyokunjika pembe na karatasi ya taarifa ya maendeleo yake. Katika nyumba nyingi swali analopokewa nalo ni moja: "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo hujibika kwa haraka, lakini halimpi mzazi taarifa anayoihitaji. Mtoto anaweza kuwa wa tano katika darasa ambalo wengi hawajajua kusoma, na mwingine akawa wa arobaini katika darasa ambalo karibu wote wanasoma. Nafasi humlinganisha mtoto na wenzake tu. Haisemi anaweza kufanya nini.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwanafunzi wa Darasa la Kwanza katika shule za msingi nchini Tanzania hujifunza tangu Januari hadi Juni, na namna mzazi au mlezi anavyoweza kuyatambua katika daftari, katika mazungumzo na katika michezo ya mtoto wake.

Mwaka 2015 Serikali ilianza kutekeleza mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojengwa juu ya stadi tatu za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Asilimia 80 ya muda wa masomo ilielekezwa katika stadi hizo, na sehemu iliyobaki ikaachiwa masomo mengine. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), umeendelea kuzifanya KKK kuwa msingi wa madarasa hayo mawili. Utekelezaji wake ulianza Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu na Kidato cha Kwanza.

Katika mageuzi hayo lipo badiliko moja ambalo wazazi wengi wanalifahamu kwa jina, ingawa si wote waliolipima uzito wake. Elimu ya msingi sasa ni ya miaka sita badala ya saba. Mtoto aliyeanza Darasa la Kwanza Januari 2024 atahitimu Darasa la Sita mwaka 2029. Zamani mwanafunzi aliyemaliza Darasa la Pili bila kujua kusoma alikuwa na miaka mitano mbele yake ya kujikwamua, japo kwa taabu. Wa sasa anayo minne. Kwa sababu hiyo muhula wa kwanza, ambao baadhi ya familia huuchukulia kuwa ni wa kuzoea shule tu, umekuwa na thamani kubwa zaidi kuliko awali.

Tuanze na Kusoma, kwa kuwa ndilo somo linalobeba mengine yote.

Mwalimu haanzi na kitabu, bali huanza na sikio. Wiki za mwanzo mtoto husikiliza maneno na kutafuta sauti inayoanza: "baba", "bata" na "bibi" yana sauti gani mwanzoni? Hupiga makofi kuyavunja maneno katika silabi: ki-ta-bu, makofi matatu, ku-ku, makofi mawili. Mzazi anayemwona mtoto akipiga makofi na kutamka jina la mbuzi wa jirani asidhani kwamba shuleni wanacheza tu. Hiyo ndiyo kazi ya mwezi wa kwanza.

Baada ya sikio hufuata jicho. Mtoto huoneshwa herufi inayowakilisha sauti aliyoisikia, kuanzia na irabu tano: a, e, i, o, u. Kisha huja konsonanti, moja baada ya nyingine, na kila moja huunganishwa na irabu zote. Katika jambo hili Kiswahili kina ukarimu mkubwa kwa mwanafunzi. Sauti nyingi huandikwa kwa namna moja tu, na herufi husomeka vivyo hivyo popote ilipo. Mtoto aliyezijua konsonanti tano tu, mathalani b, k, l, m na t, pamoja na irabu tano, ana silabi 25 mkononi, mbali na irabu zenyewe. Kwa akiba hiyo anaweza kusoma kuku, mama, babu, lima, kamata, mikate, bakuli, elimu na hata kitabu. Ni akiba ya wiki chache tu za mahudhurio yasiyokatika.

Hapa ndipo nyumba na shule hugongana mara nyingi bila kukusudia. Wazazi wengi walifundishwa majina ya herufi: a, be, che, de. Shule ya leo hufundisha sauti kwanza. Mtoto anayeelezwa nyumbani kwamba herufi ya kwanza ya "baba" ni "be", kisha akatakiwa kuiunganisha na "a", hupata "bea", naye hawi na kosa, kwani ameunganisha alichopewa. Mzazi anayetaka kusaidia aitamke sauti yenyewe, fupi, jinsi inavyosikika ndani ya neno, na kuyaacha majina ya herufi kwa wakati wake. Ugumu huongezeka pale ndugu mkubwa anapomfundisha mdogo wake abjadi kwa matamshi ya Kiingereza.

Tatizo jingine ni kukariri. Kitabu cha Darasa la Kwanza kina kurasa chache zenye picha nyingi, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuumaliza ukurasa mzima akiwa anatazama dirishani. Mzazi hufurahi, na mgeni aliyeketi sebuleni hupiga makofi. Kipimo cha kweli ni kumwandikia mtoto neno ambalo halimo kitabuni, au kulionesha neno lile lile likiwa peke yake, bila picha. Walimu huenda mbali zaidi: wakati wa kupima hutumia hata maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, kama "ketamo" au "bilutu". Wapo wazazi wanaolalamika kwamba watoto wanafundishwa maneno ya ajabu, lakini neno lisilokuwapo haliwezi kukaririwa. Anayelisoma amezijua silabi zake.

Kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kisukuma, Kimaasai, Kihehe au Kiiraqw, muhula huu una mzigo wa ziada, kwani anajifunza kusoma katika lugha ambayo bado anajifunza kuizungumza. Anaweza kuitamka silabi kwa usahihi pasipo kujua neno lina maana gani. Wengine hukutana na sauti ambazo lugha zao hazizitenganishi, hususan "l" na "r". Kwa mtoto huyo "kula" na "kura" ni neno moja, na "kalamu" haina tofauti na "karamu". Kumcheka hakusaidii. Husaidia kumwekea maneno hayo mawili pamoja, kila moja na picha yake, hadi sikio litambue.

Kuandika hufuatana na Kusoma, ila ni kazi ya mkono kabla ya kuwa kazi ya akili. Kurasa za kwanza za daftari zina mistari wima, mistari ya mlalo, nusu duara na duara kamili. Mzazi asiyejua sababu huona karatasi zinaharibiwa. Maumbo hayo ndiyo herufi zenyewe zikiwa bado hazijakusanywa: mstari na duara vikikutana huwa "b" au "d", na nusu duara ikifunguka juu huwa "u". Mtoto wa miaka sita au saba huandika baadhi ya herufi na tarakimu zikiwa zimegeuka, kama taswira ya kwenye kioo, na kuchanganya "b" na "d" kwa miezi kadhaa. Hali hiyo ni ya kawaida katika umri huo, na masahihisho ya upole huimaliza. Anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie.

Kufikia mwishoni mwa muhula, daftari huanza kuonesha imla, yaani mwalimu hutamka na mwanafunzi huandika. Ukurasa wa imla una taarifa nyingi kuliko ukurasa wowote mwingine, kwa sababu kazi ya kunakili kutoka ubaoni inaweza kufanywa vizuri na mtoto asiyejua hata herufi moja, kwa kuchora tu anachokiona. Mzazi apitishe jicho kwenye kurasa hizo, kisha atazame kama makosa yaliyowekwa alama nyekundu yameandikwa upya kwa usahihi chini yake. Alama ya vema katika kazi ya kunakili haina uzito sawa na alama ya vema katika imla.

Katika Kuhesabu, mtoto huanza na vitu: vizibo vya soda, vijiti, mbegu za maparachichi, mawe madogo. Anahesabu kwa kugusa. Kisha hujifunza kwamba vizibo saba ni saba hata vikitawanywa, na kwamba tarakimu 7 ni alama ya wingi huo. Sifuri hufundishwa kwa makini, maana si rahisi kumweleza mtoto alama ya kitu ambacho hakipo.

Hatua ngumu ni ya makumi na mamoja. Vijiti kumi hufungwa pamoja kuwa fungu moja, na kuanzia hapo 13 ni fungu moja na vijiti vitatu. Majina ya Kiswahili yanamsaidia mtoto katika eneo hili: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu; jina linasema namba ilivyoundwa. Msaada huo hukoma ghafla kwenye ishirini. Hakuna kitu katika neno "mbili" kinachoashiria "ishirini", wala katika "tatu" kinachoashiria "thelathini", wala "nne" haifanani na "arobaini". Ndiyo maana watoto wengi huhesabu bila kusita hadi ishirini na tisa, kisha hutulia, na baadhi yao huendelea kwa ujasiri: "ishirini na kumi". Jibu hilo ni kosa la jina tu. Hesabu yenyewe ni sahihi kabisa. Wakifika sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini, njia hunyooka tena, kwa kuwa maneno hayo yana asili moja ya Kiarabu. Lengo la Darasa la Kwanza haliendi mbali zaidi ya namba za tarakimu mbili, yaani hadi 99, na muhula wa kwanza hushughulika zaidi na sehemu ya mwanzo ya safari hiyo.

Hali hii huwashangaza wazazi wenye watoto wanaotumwa dukani. Mtoto anaijua sarafu ya mia mbili na noti ya elfu moja, na anajua chenji ikipungua. Hata hivyo, shuleni bado anahangaika na 20. Hakuna ukinzani hapo. Dukani "mia mbili" ni jina la sarafu fulani, kama "embe" lilivyo jina la tunda. Darasani anatakiwa aelewe wingi uliomo ndani ya jina. Mazoea ya dukani ni hazina nzuri kwa mwalimu, lakini hayachukui nafasi ya fungu la vijiti kumi.

Masomo mengine ya muhula yanaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwani sehemu kubwa hujifunzwa kwa kutenda. Mtoto hujifunza kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, kusafisha meno, kutumia choo, kutunza mazingira ya darasa. Huimba, hucheza ngoma, huchora, hufinyanga udongo, huruka kamba. Ufinyanzi huimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Wimbo hukatwa katika silabi zile zile za somo la Kusoma. Na kuruka kamba kwa kuhesabu ni Kuhesabu nje ya darasa. Mwalimu hodari huunganisha vitu hivi kimyakimya, na mtoto hujifunza jambo moja mara tatu bila kuchoka.

Kiingereza kinahitaji maelezo kidogo. Katika mtaala wa mwaka 2015 somo hilo lilianzia Darasa la Tatu. Mtaala wa sasa umelirejesha tangu Darasa la Kwanza. Kwa kiasi kikubwa ni somo la kusikiliza na kuzungumza: salamu, majina ya vitu vya darasani, rangi, maagizo mafupi. Si vyema mzazi kumshinikiza mtoto aandike Kiingereza mapema. Mtoto ambaye ndiyo kwanza ameamini kwamba kila herufi ina sauti yake atapoteza imani hiyo akikutana na neno kama "knife", ambalo herufi yake ya kwanza haitamkwi kabisa. Imani hiyo ikishakomaa katika Kiswahili, ndipo atakapoweza kustahimili tabia za lugha nyingine.

Kwa nini stadi tatu zinapewa muda mwingi kiasi hicho? Jibu lipo Darasa la Tatu. Huko kipindi hurefuka kutoka dakika 30 hadi 40, na masomo hubadilika: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, pamoja na Elimu ya Dini. Kila moja lina kitabu chenye aya zinazotakiwa kusomwa na kueleweka. Mwalimu wa Sayansi hana kipindi cha kufundisha silabi. Hata Hisabati hubadilika. Mwanafunzi anayejua kwamba 12 kutoa 5 ni 7 hukutana na swali lisemalo Asha alikuwa na maembe 12, akampa Juma maembe 5, je, amebakiwa na mangapi. Asipoweza kusoma, atakosa hesabu anayoijua. Katika matokeo itaandikwa kwamba ameshindwa Hisabati, ilhali aliloshindwa ni Kusoma. Upimaji wa stadi za KKK wa Darasa la Pili na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, huibua mengi, lakini huja baada ya muda mrefu. Daftari la Darasa la Kwanza husema mapema.

Mwaka wa masomo una siku 194. Tukiugawa kwa nusu, muhula una siku 97 hivi. Mtoto anayekosa shule siku moja tu kila wiki, labda kwa sababu ya gulio, ya kuchunga au ya kulea mdogo wake, hupoteza takriban siku 19 katika muhula. Katika madarasa ya juu pengo kama hilo linaweza kuzibwa kwa kunakili maelezo ya wenzake. Darasa la Kwanza halina maelezo ya kunakili. Siku iliyofundishwa "k" ikipita bila yeye, kesho yake hataweza kusoma "kuku", wala "kitabu", wala "kaka", na wiki ijayo mwalimu atakuwa amefika mbali. Safu ya mahudhurio katika taarifa ya maendeleo, ambayo macho ya wengi huiruka, inastahili kutazamwa kabla ya alama zozote.

Ipo pia hesabu ya upande wa mwalimu. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimumsingi bila ada ianze kutekelezwa Januari 2016, kutokana na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uandikishaji uliongezeka, na zipo shule ambazo madarasa yake ya chini yamezidi idadi hiyo kwa mbali. Tuchukue kiwango chenyewe: katika kipindi cha dakika 30, endapo mwalimu asingefanya jambo lolote isipokuwa kumsikiliza kila mwanafunzi akisoma, kila mmoja angepata sekunde 40. Mzazi, kaka, dada au bibi anayekaa na mtoto dakika 10 jioni humpa muda mara 15 ya huo. Hata mlezi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza. Atajua kama mtoto anasita, anabahatisha kwa kutazama picha, au anaelekeza kidole kwenye neno moja na kutamka jingine. Vilevile atagundua kama anakisogeza kitabu karibu mno na macho au haitiki anapoitwa kutoka nyuma, dalili ambazo ni vyema zimfikie mwalimu wa darasa na zahanati mapema.

Mzazi anapofika shuleni kuchukua taarifa, amwombe mwalimu wa darasa amwambie mtoto amefika sauti ipi, anahesabu hadi ngapi kwa vitu na hadi ngapi kwa mdomo tu, na ni konsonanti zipi bado zinamsumbua. Walimu wana majibu hayo katika kumbukumbu zao za upimaji endelevu, na wengi hufurahi kuulizwa.

Shule zinapofunguliwa Julai, kazi huongezeka ugumu. Baada ya silabi nyepesi hufuata herufi ambatani, zile zinazotamkwa kwa pamoja: mb, nd, nj, ny, sh, dh, gh, mw, kw, na ile inayowapa taabu hata watu wazima, tofauti ya "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe. Kwa hiyo mtoto anayesoma "kuku" mwezi Juni lakini akashindwa "ng'ombe" hajachelewa. Anayetaka kujua kama yu tayari kwa muhula huo amtajie maneno matano ayaandike bila kutazama popote: kuku, meza, bakuli, kitabu na elimu. Akiyaandika, mwalimu atakuwa na mahali pa kuanzia. Akikwama kwenye neno la pili, likizo ina siku za kutosha kurejea irabu tano na konsonanti chache, dakika 10 kila jioni, kabla kengele haijalia tena.